Kutu ya Pwani na Mashine za Ubaridi za Ushirika

Chumba cha ubaridi ni miongoni mwa mali ghali kabisa ambazo chama cha msingi chaweza kumiliki. Chama cha wavuvi hukijenga ili samaki wa wanachama wasiuzwe kwa bei ya kutupa kila jioni. Chama cha wafugaji hununua tangi la kupoozea ili maziwa yaliyokamuliwa jioni yafike asubuhi yakiwa mazima. Fedha zake hutoka katika hisa, katika makato ya mauzo, na mara nyingi katika mkopo ambao wanachama wote ndio watakaoulipa. Siku mashine inapowashwa kwa mara ya kwanza, kamati nzima husimama kuitazama. Miaka minne au mitano baadaye, sehemu yake iliyowekwa nje ya jengo yaweza kuwa imekwisha kuliwa na kutu, na hakuna mjumbe aliyeliona jambo hilo likitokea.

Makala haya yanaeleza namna kutu inavyoiharibu sehemu hiyo ya nje, hasa katika vyama vilivyo karibu na bahari, na mambo ambayo katibu na wanachama waweza kuyafanya bila kumngoja fundi. Yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba dalili ya kwanza ya kutu hii aghalabu haionekani kwenye mashine yenyewe. Huonekana kwanza katika daftari la gharama za umeme, na mtu aliye karibu zaidi na daftari hilo ni katibu.

Kazi ya sehemu ya nje

Mashine ya ubaridi haitengenezi baridi. Kazi yake ni kuliondoa joto ndani ya chumba na kulitupa nje. Gesi maalumu huzunguka katika mabomba: ndani ya chumba hulichukua joto la samaki au maziwa, kisha kompresa huisukuma kwa nguvu hadi nje, katika sehemu iitwayo kondensa, nayo huliachia joto hilo hewani. Viyoyozi vya ofisini hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo.

Mtu aliyewahi kuiona redieta ya gari atalielewa umbo la kondensa. Ni mabomba membamba, kwa kawaida ya shaba, yaliyopitishwa katikati ya mamia ya vibati vyembamba vya alumini vilivyopangwa kama kurasa za kitabu. Vibati hivyo hulipokea joto kutoka kwenye mabomba, na feni huvuta hewa katikati yake ili joto lipotee. Pamoja na hivyo kuna sanduku la bati lililopakwa zinki na rangi, miguu au vishikio vya chuma, bolti, skrubu na nyaya za umeme. Vitu vyote hivi hukaa juani, mvuani na katika upepo wa bahari, mchana na usiku.

Chumvi na unyevu

Ili chuma kipate kutu, hapana budi pawepo hewa na maji. Maji hayo si lazima yawe ya mvua. Utando mwembamba wa unyevu usioonekana kwa macho watosha. Chumvi huufanya utando huo kuwa mkali zaidi, kwa kuwa maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri, na kutu ya madini ni kazi ya umeme mdogo unaopita kati ya sehemu moja na nyingine.

Chumvi ina tabia nyingine iliyo mbaya zaidi. Huvuta maji kutoka hewani. Chumvi ya kawaida ya mezani huanza kuyeyuka yenyewe unyevu wa hewa unapofika asilimia 75 hivi. Chumvi ya bahari imechanganyika na chumvi za magnesi, ambazo huvuta maji hata hewa ikiwa kavu kabisa, penye unyevu wa kiasi cha asilimia 33. Hewa ya pwani ni nadra kuwa kavu kiasi hicho. Kwa hiyo mashine iliyojaa chumvi ya bahari hubaki na unyevu karibu wakati wote, hata siku ambayo mvua haikunyesha na jua ni kali.

Kasi ya uharibifu yaweza kupimwa. Bati lenye alama ya Z275 lina gramu 275 za zinki kwa kila mita ya mraba, pande zote mbili pamoja. Hiyo ni sawa na mikroni 20 hivi kila upande, yaani kama sehemu moja ya tano ya unene wa karatasi ya kuchapia. Kwa vipimo vya kimataifa vya ISO 9223, mahali penye ukali wa wastani zinki hupungua mikroni 0.7 hadi 2.1 kwa mwaka. Mahali penye ukali mkubwa sana, kama kando ya bahari yenye chumvi nyingi, hupungua mikroni 4.2 hadi 8.4. Kwa hesabu rahisi, bati hilo hilo ambalo zinki yake ingedumu kati ya miaka 9 na 28 mahali pa kwanza, mahali pa pili litaishiwa kati ya miaka 2 na 5. Baada ya hapo chuma chenyewe ndicho huanza kuliwa. Tofauti haikuletwa na muuzaji wala fundi. Imeletwa na mahali.

Madini mawili yanapokutana

Hatari kubwa zaidi imejificha ndani ya kondensa. Madini mawili yasiyofanana yakigusana, na maji ya chumvi yakawa kati yake, huwa kama betri ndogo. Moja huliwa kwa haraka, jingine husalimika. Yakipangwa kuanzia linaloliwa upesi, mpangilio ni zinki, kisha alumini, kisha chuma, na mwisho shaba. Ndiyo sababu zinki hupakwa juu ya bati: hukubali kuliwa yenyewe ili chuma kipone.

Jambo hili lilidhihirika zamani. Mwaka 1761 manowari ya Uingereza iliyoitwa Alarm ilifunikwa bati la shaba sehemu ya chini ili isitobolewe na wadudu wa baharini. Ilipokaguliwa mwaka 1763, shaba ilikuwa nzima, lakini misumari ya chuma iliyogusana nayo ilikuwa imeoza vibaya. Misumari michache tu ilisalimika. Ilikuwa ile ambayo karatasi ya kufungia shaba ilikuwa imesahauliwa katikati, hata madini hayo mawili yasigusane.

Katika kondensa, anayesimama mahali pa misumari hiyo ni alumini. Chumvi na unyevu vikiingia pale ambapo kibati cha alumini kinaligusa bomba la shaba, alumini huliwa na kugeuka unga mweupe. Mara nyingi uharibifu huanzia hapo hapo kwenye maungio. Kibati chaweza kuonekana kizima kwa mbali, ilhali hakilishiki tena bomba. Joto likikosa njia ya kutoka kwenye bomba kwenda kwenye kibati, kondensa huwa pambo tu.

Shaba nayo ina adui zake. Amonia inayotokana na mikojo ya mifugo au mabaki ya samaki yanayooza huila shaba. Tindikali hafifu zitokazo katika gundi na baadhi ya sabuni huweza kutoboa ndani ya bomba vijia vidogo mno, mithili ya viota vya sisimizi, na gesi ikavuja bila tundu kuonekana. Kwa hiyo vyama vya bara visidhani kwamba habari hii haviwahusu. Tangi la maziwa ambalo kondensa yake imewekwa nyuma ya zizi lina bahari yake lenyewe.

Hasara ya kwanza: umeme

Kondensa ikishindwa kutoa joto vizuri, mashine haizimiki. Hufanya kazi kwa taabu zaidi. Gesi hubaki na joto kubwa, kompresa husukuma kwa nguvu zaidi, nayo huwaka kwa saa nyingi zaidi ili chumba kifike kwenye baridi ile ile. Mafundi wa ubaridi hukadiria kwamba kila nyuzijoto moja ya Selsiasi inayoongezeka katika kondensa huongeza matumizi ya kompresa kwa asilimia 2 hadi 3 hivi.

Ichukuliwe kwa mfano kwamba chama hulipa shilingi 600,000 kwa mwezi kwa umeme wa chumba cha ubaridi. Joto la kondensa likipanda nyuzi 10 kwa sababu ya chumvi, uchafu na vibati vilivyoliwa, gharama yaweza kuongezeka kwa shilingi 120,000 hadi 180,000 kila mwezi. Kwa mwaka ni kati ya shilingi 1,440,000 na 2,160,000. Fedha hizo zimetoka mifukoni mwa wanachama bila azimio la mkutano wowote.

Ubaya wake ni kwamba ongezeko hilo haliji kwa siku moja. Mwezi huu huongezeka kidogo, mwezi ujao kidogo tena, na kamati husema kwamba umeme umepanda bei au samaki walikuwa wengi. Wahenga walisema, chovya chovya humaliza buyu la asali. Njia ya kuutambua uchovyaji huu ni moja: kusoma mita. Shilingi zaweza kudanganya kwa kuwa bei hubadilika, lakini idadi ya uniti haidanganyi. Hata mahali penye mita za kulipia kabla, kama LUKU, katibu hana budi kuandika uniti zilizotumika kila wiki, na kando yake kilo za samaki au lita za maziwa zilizopokewa. Uniti zikipanda miezi mitatu mfululizo wakati mzigo haukupanda, kondensa ndiyo ya kwanza kutazamwa.

Hasara ya pili: vitabu

Vyama vingi huandika uchakavu wa mashine kwa kuigawanya bei yake kwa miaka 10. Kwa mfano, mashine ya shilingi 24,000,000 hupunguzwa shilingi 2,400,000 kila mwaka. Kama mashine hiyo imekaa kando ya bahari bila kutunzwa ikafa mwaka wa tano, vitabu bado vitaonyesha mali yenye thamani ya shilingi 12,000,000. Mali hiyo haipo. Kilichopo ni sanduku lenye matundu.

Hapo kamati italazimika kuifuta thamani hiyo yote katika mwaka mmoja. Ziada ya mwaka huo yaweza kumezwa yote, na wanachama wakaambiwa hakuna gawio. Ikiwa mkopo ulionunua mashine ulikuwa wa miaka saba, wanachama watalipia kwa miaka miwili zaidi kitu ambacho hakifanyi kazi, na huku samaki wao wanauzwa ufukweni kwa bei ya mchuuzi. Manung'uniko yakianza katika mkutano mkuu, aghalabu hutafutwa mwizi. Wakati mwingine mwizi hayupo, ni kutu.

Inafaa basi kamati ikadirie maisha ya mashine kwa kufuata mahali ilipo, iandike uchakavu kwa kadiri hiyo, na itenge akiba ya kununulia nyingine. Hesabu iliyo kali leo ni afadhali kuliko aibu ya kesho.

Mahali pa kuiweka

Chumvi nyingi huanguka katika mita mia chache za kwanza kutoka mahali mawimbi yanapopasuka, ingawa upepo mkali huweza kuibeba kilomita kadhaa. Katika pwani ya bara ya Afrika Mashariki, kusi na kaskazi zote mbili huvuma zikitokea upande wa bahari. Kwa sababu hiyo mashine ya nje ifungwe upande wa jengo usiotazamana na bahari, ukuta uwe ngao yake. Lakini isisongwe na ukuta wala mizigo, kwa maana huhitaji hewa ya kutosha kupita.

Paa dogo juu ya mashine ni jambo jema kwa jua, lakini lina kasoro ambayo wengi hawaijui. Mvua huosha chumvi. Mashine iliyo chini ya paa haioshwi na mvua, na chumvi huendelea kujikusanya juu yake mwaka mzima. Anayeijengea mashine paa amejitwika wajibu wa kuiosha kwa mkono wake.

Mashine isimame juu ya msingi wa zege ulioinuka, maji yasituame miguuni mwake. Magunia ya chumvi, ndoo za dawa ya klorini na mapipa ya mabaki ya samaki visiwekwe karibu nayo kabisa.

Dawa ya kwanza ni maji

Dawa ya kwanza ya kutu hii haihitaji vipuri. Ni maji yasiyo na chumvi. Mashine iliyo kando ya bahari ioshwe angalau mara moja kwa mwezi, na katika majira ya upepo mkali hata mara mbili. Taratibu zake ni hizi:

1. Swichi kuu izimwe kwanza, na mtu awekwe karibu nayo ili asije mwingine akaiwasha.

2. Yatumike maji ya bomba au ya mvua. Maji ya visima vya pwani mara nyingi yana chumvi. Anayeosha kwa maji hayo anaongeza ugonjwa.

3. Uchafu mkavu uondolewe kwa brashi laini, kwa kufuata mwelekeo wa vibati, wala si kwa kuvikata.

4. Maji yamwagwe kwa bomba la mpira kwa nguvu ndogo. Inapowezekana, yatokee upande ambao hewa hutokea, ili uchafu urudi ulikoingilia. Maji ya nguvu kubwa hulaza vibati na kuziba njia ya hewa.

5. Nyaya na kisanduku cha umeme visielekezewe maji.

6. Isitumike tindikali wala soda kali ya kutengenezea sabuni. Alumini huliwa na vyote viwili. Kama uchafu una mafuta, fundi atumie dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya kondensa, kisha aisuuze kwa maji mengi.

Mtu anapoosha, atazame pia. Unga mweupe kwenye alumini, ukijani kwenye shaba, wekundu kwenye bolti na miguu, na alama za mafuta kwenye maungio ya mabomba ni habari za kuandikwa. Mafuta hayo hutoka pamoja na gesi inayovuja. Mkwaruzo wa rangi kwenye sanduku usuguliwe na kupakwa rangi ya kuzuia kutu mara moja, kwa maana usipoziba ufa utajenga ukuta.

Gesi inapopungua

Mashine iliyo nzima haili gesi. Gesi ikipungua, imevuja. Fundi anayekuja kila baada ya miezi michache kuongeza gesi bila kutafuta tundu anateka maji kwa pakacha, na chama ndicho kinacholipia maji hayo. Kila malipo ya gesi yaambatane na maelezo ya maandishi: imevuja wapi, na pamezibwaje.

Jambo hili lina uzito zaidi kwa mashine za zamani zinazotumia gesi ya R22. Gesi hiyo huharibu tabaka la ozoni, na kwa Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 na marekebisho yake, nchi zinazoendelea zinatakiwa kufikia mwaka 2030 ziwe zimeacha karibu matumizi yote ya gesi za jamii hiyo, isipokuwa kiasi kidogo cha matengenezo. Marekebisho yaliyopitishwa Kigali mwaka 2016 yanazihusu gesi nyingine nyingi zilizokuja baada yake. Chama chenye mashine inayovuja kisitegemee kwamba gesi yake itapatikana daima kwa bei ya leo.

Wakati wa kununua

Kamati inapoomba bei, itaje kwa maandishi umbali wa jengo kutoka baharini. Iulize kama kondensa imepakwa rangi ya kinga, ya aina gani, na kama imefunika hadi ndani ya maungio. Vibati vya buluu visichukuliwe kuwa uthibitisho. Rangi hiyo mara nyingi ni ya kusaidia maji kutiririka, na si lazima iwe kinga ya chumvi. Muuzaji akionyesha cheti cha kupuliziwa maji ya chumvi, ieleweke kwamba hicho ni kipimo cha kulinganisha rangi moja na nyingine katika chumba cha majaribio. Saa elfu za kipimo si ahadi ya miaka kadhaa ufukweni.

Bolti na vishikio vya chuma kisichoshika kutu cha aina ya 316 huvumilia bahari kuliko vile vya aina ya 304. Pale chuma hicho kinapokutana na alumini, iwekwe washa ya plastiki katikati, ifanye kazi iliyofanywa na karatasi katika manowari ile. Bei ya mashine yenye kinga itakuwa juu. Kamati isiitazame bei hiyo peke yake, bali iigawanye kwa miaka ambayo mashine inatarajiwa kuishi.

Mambo ya kukumbukwa na katibu

Kila chama chenye mashine ya ubaridi kiwe na daftari moja lenye safu hizi: tarehe, uniti za umeme, mzigo uliopokewa, joto la chumba asubuhi, siku ya kuosha na jina la aliyeosha, kazi ya fundi na malipo yake. Daftari lisomwe katika kila kikao cha kamati, kama leja ya fedha inavyosomwa, na mkaguzi alikute mezani anapofika.

Daftari hilo litawalinda wanachama na hasara, na litamlinda katibu mwenyewe. Mashine ikifa, katibu asiye na kumbukumbu hana la kujibu mbele ya mkutano mkuu isipokuwa kuapa. Aliye nazo atafungua ukurasa, na wanachama wataona wenyewe ni mwezi gani uniti zilianza kupanda, ni nani aliyearifiwa, na ni hatua gani iliyochukuliwa au kuachwa.